Tuoke Jumanne, Tusingoje Sherehe

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mvua ilipokuwa imekatika kidogo na mawe ya mlima ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Mabatini, Mwanza, yakiwa bado yanatiririsha maji, jirani yangu alisimama mlangoni, akavuta harufu iliyokuwa imejaa uani, akaniuliza, "Mama, leo kwako nani anazaliwa?" Nikamjibu, "Hakuna anayezaliwa, dada. Ni skonzi za chai ya jioni tu, karibu." Aliingia, akala mbili zikiwa bado za moto, zenye kitunguu na chumvi, zisizo na utamu wa sukari, na alipokuwa anaondoka aliniuliza kwa mara ya pili kama kweli hakuna sherehe yoyote.

Swali lile halijaniondoka, kwa sababu ndani yake kuna jambo zima ninalotaka kulisema. Hapa Mwanza kuoka kumekuwa mali ya sherehe. Ukitaja kuoka, mtu anaona keki ya ghorofa ya harusi au ya kipaimara, yenye maua ya sukari na jina la mhusika limeandikwa juu. Mafundi wa keki hizo nawaheshimu, maana wengi wao ni kina mama wanaosomesha watoto kwa kazi ya mikono yao. Lakini kwa kuwa keki ya sherehe ndiyo inayoonekana, mpishi wa kawaida ameamini kwamba kuoka ni ufundi wa watu wengine, wenye oveni, mashine ya kupigia mayai na vifaa vya kupambia, na kwamba sehemu yake yeye ni kukaanga. Basi tunakaanga asubuhi maandazi, mchana samaki, jioni sambusa, na mkate tunaununua dukani kila siku kana kwamba hakuna awezaye kuutengeneza nyumbani. Mimi nasema tumejinyima jambo lililo ndani ya uwezo wetu, na nasema zaidi kwamba anayetaka kujifunza kuoka asianze na keki hata kidogo. Aanze na vitu vya chumvi, vinavyoliwa siku ya kazi, kwa sababu skonzi iliyopinda bado ni chakula kizuri, ilhali keki iliyopinda mbele ya wageni humkatisha mtu tamaa akaacha kabisa.

Neno la kwanza ninalojibiwa kila ninaposema hivi ni kwamba oveni haipo. Hapo huwa ninauliza swali moja: je, hujawahi kupalia wali? Kila mwanamke aliyelelewa kwenye jiko la mkaa anajua kwamba wali ukishakauka maji, makaa hupunguzwa chini na mengine huwekwa juu ya mfuniko ili uive sawasawa hadi juu. Kupalia huko ndiko kuoka. Moto wa chini na moto wa juu, na katikati chombo kilichofungwa kinachotunza joto: hiyo ndiyo oveni, na bibi zetu walikuwa nayo kabla ya nguzo ya kwanza ya umeme kusimamishwa mtaani. Kilichobaki ni kujifunza kuigawa hiyo mioto miwili, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi huunguza mkate wa kwanza kisha wakalaumu unga.

Washa jiko mapema na usubiri makaa yote yashike, yawe mekundu na kuanza kuvaa jivu jeupe. Kaa linalotoa moshi halijawa tayari, na moshi wake utaingia kwenye mkate. Kisha gawa makaa kwa hesabu hii: sehemu mbili juu, sehemu moja chini. Mgawanyo huo unamshangaza kila mtu kwa sababu katika kupika tumezoea moto mwingi uwe chini. Sababu yake ni kwamba chini joto linapita moja kwa moja kutoka kwenye kaa hadi kwenye sufuria na kutoka kwenye sufuria hadi kwenye donge lililoigusa, ilhali joto la juu lazima livuke nafasi yenye hewa kabla ya kuufikia uso wa mkate. Hayo makaa machache ya chini yapange pembeni kwa mduara na uache katikati wazi, maana katikati ndipo panapoungua kwanza. Badala ya mfuniko wa kawaida, ambao makaa huteleza na kuanguka, mimi hutumia sinia la bati lenye ukingo, linalokaa juu ya sufuria bila kucheza. Juu yake nayo makaa huyapanga zaidi pembeni kuliko katikati.

Kipimajoto sina, ila nina kipande cha karatasi nyeupe. Sufuria tupu ikishapata moto kwa dakika 10, natupia karatasi ndani, nafunika, nahesabu. Ikigeuka rangi ya chai ya maziwa baada ya dakika kama 3, joto linafaa kwa skonzi na keki. Ikiwa hudhurungi ndani ya dakika moja, naondoa makaa mawili matatu na kusubiri. Ikibaki nyeupe, naongeza juu. Baada ya hapo kazi kubwa ni kutofunua ovyo, kwa kuwa kila unapofunua unaachilia joto lililokusanyika kwa dakika nyingi. Msimu wa masika kuna taabu moja zaidi: mkaa uliolala kwenye unyevu hupasuka, huwaka polepole na hutoa joto lisilotabirika, kwa hiyo nauhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Na jambo hili nalisema kwa uzito: kazi hii ifanyike uani au barazani, si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu makaa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua.

Najua pia kwamba ninaandika kuhusu mkaa wakati ambapo nchi yetu ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wa muda huo. Nauunga mkono kwa moyo wote, na nyumbani kwangu mkaa unazidi kupungua. Mwenye jiko la gesi naye anaweza kuoka. Achukue sufuria kubwa nzito, aweke mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, aupashe moto mdogo kwa robo saa, kisha aingize juu ya mchanga huo sufuria ndogo yenye unga wake na kufunika vizuri. Mchanga unasambaza joto na kuzuia chini kuungua. Upungufu wake ni kwamba juu hakuna moto, kwa hiyo uso hubaki mweupe, na tiba yake ni kuugeuza mkate dakika chache kabla ya kuutoa ili upande wa pili nao upate rangi. Wenye oveni ya umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, wasiogope kupita kiasi: oveni ya kilowati 2 ikiwaka saa nzima mfululizo hula uniti 2, na kwa kawaida hula pungufu kwa kuwa hujizima na kujiwasha. La busara ni kuoka vitu viwili kwa mkupuo mmoja.

Kama kuna fedha ya kununua kifaa kimoja tu, nashauri iende kwenye mizani ndogo ya jikoni kabla ya kitu kingine chochote. Mchuzi unakubali kukadiria, kwa sababu unauonja na kuurekebisha njiani, lakini unga ukishaingia motoni hauna marekebisho. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa gramu 120 mkononi mwa mtu anayeumimina taratibu, na zaidi ya gramu 150 mkononi mwa anayeushindilia. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya skonzi ya leo iwe laini na ya kesho iwe jiwe, huku mpishi akiapa kwamba hakubadilisha kitu.

Sasa skonzi zenyewe. Napima gramu 500 za unga wa ngano, mililita 300 za maji ya uvuguvugu, vijiko vidogo viwili vya hamira kavu, kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi, kijiko kimoja cha sukari na vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Hamira ni kiumbe hai, na kama kiumbe hai yeyote inaweza kufa. Niliwahi kununua pakiti dukani, tarehe yake ikionekana nzuri kabisa, nikakanda donge, nikasubiri saa mbili, na donge likabaki pale pale kama udongo wa mfinyanzi, kwa sababu pakiti zile zilikuwa zimewekwa mahali panapopigwa na jua. Tangu siku hiyo naiamsha kwanza: hamira, sukari na sehemu ya maji ndani ya kikombe kwa dakika 10. Isipotoa povu, sipotezi unga wangu. Maji nayo yawe ya kiasi cha kumwogeshea mtoto mchanga, maana yakikaribia nyuzi joto 60 yanaiua.

Kanda kwa dakika 10 za saa, usikisie. Kinachotafutwa ni ule mnato wa ngano, unaoitwa gluteni, ujifunge kama wavu utakaoshika hewa inayotolewa na hamira. Utajua umefika ukichukua kidonge kidogo na kukivuta kwa vidole hadi kiwe chembamba kiasi cha kupitisha mwanga bila kuchanika. Kwa joto la Mwanza donge huumuka mara mbili ya ukubwa wake ndani ya dakika 45 hivi, kwa hiyo maelezo yanayosema saa moja na nusu yasikupoteze, kwani donge lililopitiliza hunuka uchachu na hubonyea likiingia motoni. Likiumuka, nalikandamiza, nachanganya kitunguu kilichokaangwa kidogo na kupoa, nakata vidonge 12, navipanga kwenye sufuria iliyopakwa mafuta vikigusana kwa mbali, navisubiri tena dakika 20, kisha navioka kwa dakika 20 hadi 25.

Hapa ndipo mazao yetu yanapostahili nafasi. Ngano nyingi tunayokula nchini huagizwa kutoka nje, wakati Usukumani kiazi kitamu ni mali ya kila shamba, nacho tumezoea kukichemsha, au kukikausha kuwa michembe na matobolwa kwa ajili ya kiangazi. Mimi huchukua gramu 200 za kiazi kilichochemshwa na kupondwa hadi kiwe laini kabisa, ikiwezekana kile cha rangi ya chungwa, nikakikanda pamoja na gramu 400 za unga. Maji nayapunguza hadi mililita 180 au chini ya hapo, naongeza kidogo kidogo kwa sababu viazi havifanani kwa maji yaliyomo. Skonzi zinazotoka huwa na rangi ya dhahabu, hubaki laini hadi kesho yake, na watoto huzila hata bila chai. Shangazi yangu wa Magu, aliyekulia kwenye michembe, alipozionja alisema, "Kumbe kiazi chetu kinaweza kuvaa suti." Sijapata sifa ya jikoni iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Kisha kuna samaki. Inanisikitisha kwamba tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na katika majiko mengi samaki anajua njia tatu tu: kukaangwa, kuchemshwa na kukaushwa. Pai ya sangara ni chakula ambacho familia ya watu sita hukila kwa kipande cha samaki ambacho, kikikaangwa, kingewatosha watatu. Kwa ukoko wake natumia gramu 300 za unga, gramu 150 za siagi, chumvi kidogo na vijiko vitano au sita vya maji baridi. Siagi inasuguliwa kwenye unga kwa ncha za vidole, si kwa viganja vyenye joto, hadi ifanane na makombo ya mkate, ndipo maji yanaingia na donge linakusanywa haraka bila kukandwa. Mkate unataka kukandwa na ukoko wa pai hautaki, kwa kuwa ule wavu tulioujenga kwenye skonzi hapa ungeufanya ukoko uwe mgumu kama ngozi. Kazi hii naifanya asubuhi mapema, kwa maana siagi ya saa nane mchana katika mji huu huwa imeshakuwa mafuta.

Sangara ana maji mengi, na pai nyingi huharibika hapo. Namchemsha kwa dakika chache na chumvi na ndimu, namchuja, namchambua miiba kwa mikono, kisha namchanganya na kitunguu, karoti, pilipili hoho na kijiko kikubwa cha unga kilichokaangwa kwenye siagi na kulainishwa kwa kikombe kimoja cha supu ile ile aliyochemshiwa. Mchanganyiko uwe mzito wa kusimama kwenye kijiko, na upoe kabisa kabla ya kuingia kwenye ukoko, kwani ukiwa wa moto utaiyeyusha siagi nawe utapata uji. Tandika nusu ya ukoko chini, mimina samaki, funika kwa nusu nyingine, bana kingo kwa uma, toboa matundu matatu ya kutolea mvuke, paka yai, oka kwa dakika 40. Ukikata kipande cha kwanza, ukoko unapasuka kwa sauti ndogo kavu, mvuke wa ndimu na samaki unapanda, na ndani nyama ya sangara inaachana kwa matabaka meupe makubwa. Siku ambayo fedha ni ndogo, dagaa wa soko la Mwaloni waliooshwa, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa, vijiko vitatu vikubwa ndani ya unga wa biskuti za chumvi, hufanya kitafunwa ambacho mtoto hula bila kujua kwamba amelishwa samaki mzima hadi mfupa.

Kwa wasio na subira ya hamira ipo bekingi pauda, nayo asili yake ni jikoni hasa. Mkemia Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, aliitengeneza mwaka 1843 kwa sababu mkewe hakuweza kula kitu chenye hamira na yeye alitaka mkewe apate mkate. Kuhusu matumizi yake kuna jambo ambalo maelezo mengi ya mapishi hayalisemi, kwa kuwa yameandikwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na sisi wa milimani tuko juu zaidi. Hapa maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, na hewa iliyo ndani ya donge hutanuka haraka zaidi. Ndiyo maana keki ya wageni hupanda kwa fahari kisha ikazama katikati. Ukiambiwa vijiko vidogo viwili vya bekingi pauda, tia kimoja na nusu, na uongeze kijiko kikubwa kimoja cha maziwa.

Keki yenyewe nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa walimu wake ni wengi. Pima mayai bila maganda, kisha weka unga, siagi na sukari kwa uzito ule ule wa mayai. Manne ya kisasa hufika gramu 200, lakini ya kienyeji ni madogo, na ndiyo sababu napima badala ya kuhesabu. Sukari mimi naipunguza hadi gramu 150, na sijamsikia mtu akilalamika. Piga siagi na sukari kwa mwiko hadi ziwe nyeupe na nyepesi, hata kama ni robo saa, maana hewa unayoiingiza hapo ndiyo itakayoinua keki. Yai liingie moja moja, unga mwisho, iliki ukipenda, na ukishauchanganya unga acha kupiga.

Jirani yangu amekwisha kuja mara tatu tangu Jumanne ile, mara ya mwisho akiwa na sinia lake la bati lililobanduka rangi, na unga ameshaupima nyumbani. Tulioka pamoja, zake kwanza, zangu zikafuata. Makaa yalipokuwa yanaelekea kuzimika, tulikata mkate wa juzi vipande vyembamba, tukavipanga ndani ya sufuria ile ile, tukafunika na kuviacha kwenye joto lililobaki hadi giza lilipoingia. Vilitoka vikavu, vyepesi, vya rangi ya asali, na kwenye kopo lililofungwa vimetufikisha hadi Jumapili tukivichovya kwenye chai.